Samaki Arobaini wa Bi Rula

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili ni la duka. Bosi amenipa niandike humo maji ya watu: nyumba gani nimebadilisha maji, ndoo ngapi, samaki wangapi wazima. Lakini kurasa ni mia mbili na nyumba nilizopewa ni tatu tu, kwa hiyo zitakazobaki nitaandika mambo yangu. Tena mambo yangu yananoga kuliko maji ya watu.

Nianze na sifa zangu, maana hakuna mwingine atakayezianza. Miezi mitano tu nimekaa kwenye duka la samaki wa mapambo, na sasa mteja akiingia hamuulizi bosi, ananiuliza mimi. Nikitazama samaki najua kama ameshiba, anaumwa au anajidai. Bosi tunamwita Gamba kwa sababu ngozi ya mikono yake inabanduka kwa kushinda majini. Yeye mwenyewe anajua tunamwita hivyo, na akikasirika anajikuna.

Leo kaniita nyuma ya matangi. Kasema, "Kuna nyumba ya nne. Mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu. Ana tangi la marehemu mumewe, limekaa tupu mwaka mzima. Ukiitunza nyumba hiyo mpaka mvua ziishe bila mteja kulalamika, nakupa nyumba zote za kule mlimani. Utakuwa na mzunguko wako, na ufunguo wa duka."

Nikamwambia, "Bosi, andaa ufunguo."

Kanipa karatasi yenye anwani. Nilipoona jina nikakaa juu ya ndoo. Ni yule tuliyekuwa tunamwita Bi Rula. Aliyekuwa mkuu wa shule yetu. Aliyenifukuza kidato cha pili.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda. Nimevaa shati lililonyooshwa, nimepiga hodi kama mtu na heshima zake. Kafungua mwenyewe. Amepungua mwili, ila macho ni yaleyale, yale ya kutafuta kifungo kilichokosekana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye wa samaki? Vua viatu."

Hakunikumbuka. Miaka mitatu nimemuota huyu mama akinisimamisha mbele ya shule nzima, na yeye hana habari na mimi. Kosa langu lilikuwa dogo. Kwenye ripoti nilipata 12 ya hesabu, nikaipa ile moja kofia ikawa saba. 72. Kazi safi kabisa ya wino. Tatizo wenzangu wote walipata chini ya hamsini.

Tangi liko sebuleni, kati ya kabati la vitabu na dirisha. Kioo kinene, meza yake ya chuma. Halina kitu, vumbi tu na kokoto kavu. Kasema mwanawe anakuja na wajukuu mwezi ujao. Mara ya mwisho walipokuja, mwanawe alitazama tangi tupu akasema nyumba hii imekufa, mama uje tukae wote mjini kwangu, utapewa chumba.

"Chumba," kasema Bi Rula. Kalitamka kama mtu aliyekuta unywele kwenye chai. "Nataka akifika akute tangi limejaa. Samaki wa dhahabu, kama wa marehemu. Wengi."

"Wengi kiasi gani, Mwalimu?"

"Hiyo ni kazi yako kunijibu."

Nikasema nitapima Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Dukani hakuna mtu. Gamba kajikuna mpaka jioni.

Jumamosi, 8 Machi

Siku kubwa. Kaa chini, daftari.

Nimelisafisha tangi, nimeosha kokoto maji saba, nimefunga chujio jipya, maana la zamani lilikuwa limepasuka. Kisha nikatoa futi yangu. Bi Rula kavuta kiti, kavaa miwani, kashika kalamu nyekundu. Naapa, nyekundu. Amestaafu, bado anatembea nayo mfukoni.

Sasa, hesabu ya samaki ni hivi. Gamba alinifundisha siku ya kwanza: sentimita moja ya samaki, lita moja ya maji. Unampima kuanzia mdomo mpaka mkia unapoanzia. Lakini unampima kama atakavyokuwa akikua, siyo kama alivyo leo kwenye mfuko wa plastiki. Samaki wa dhahabu dukani ana sentimita nne. Akikua anafika ishirini. Na mchafu huyo, anakula na kunya siku nzima kama hana kazi nyingine. Nilipolitazama tangi, kabla ya kupima, kichwa changu kilishasema: nane. Wanane, na wawe na adabu.

Bi Rula kachukua daftari langu (hili hili, ukurasa wa nyuma) kaandika: urefu mia, upana arobaini, kimo hamsini. Lita mia mbili.

"Samaki mmoja ana urefu gani?"

"Hawa wa dukani, nne, bila mkia."

"Mkia hauhesabiwi?"

"Hauhesabiwi, Mwalimu."

Nilisikia masikio yanapata moto. Shuleni jina langu lilikuwa Mkia, maana orodha ya matokeo ikibandikwa, mimi ndiye niliyekuwa naifunga.

"Mia mbili gawanya kwa nne," kasema. "Hamsini. Samaki hamsini."

Hapo nikapata ujasiri. Nikamwambia, "Hapana, Mwalimu. Umepima kioo, hujapima maji. Kuna kokoto humo, kuna mawe, na juu tunaacha nafasi samaki asiruke. Tujaze kwa ndoo, tuhesabu."

Kasema, "Haya."

Ndoo ya lita kumi. Nimebeba kutoka bombani uani mpaka sebuleni, yeye anaweka alama nyekundu kila ndoo. Kumi na sita. Lita mia na sitini. Akagawanya: arobaini. Halafu kafanya jambo ambalo sikulitegemea. Kapiga tiki kubwa kwenye ukurasa, na pembeni kaandika kwa mwandiko ule wa mlalo: *Vizuri.*

Tangu nizaliwe hakuna kalamu nyekundu iliyowahi kuniandikia neno hilo.

"Umefikiri," kasema. "Wengi wangekubali hamsini."

Ndipo ningesema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mwalimu, bado, hesabu haijaisha, wapime kama watakavyokua, na chujio ni jipya halijapata vidudu vyake vya kula uchafu. Gawanya kwa ishirini, Mwalimu, siyo kwa nne. Neno moja tu lilibaki. Lakini neno hilo lingeifuta ile *Vizuri*, na mimi nilitaka kuitazama kidogo zaidi.

Nikasema, "Arobaini, basi."

Jumapili, 9 Machi

Nimemwonyesha mama ukurasa. Mama anashona sare za shule nyumbani, pini mdomoni, kwa hiyo akiongea unaogopa atameza.

"Nani kaandika?"

"Bi Rula."

Katoa pini zote. "Yule aliyekufukuza?"

"Huyo huyo."

"Na wewe umefurahi." Hakuuliza, alisema. Karudisha pini mdomoni.

Jumatatu, 10 Machi

Gamba kafurahi mpaka kasahau kujikuna. "Arobaini kwa mpigo? Kijana wewe moto."

Nikamwambia pembeni, "Bosi, tangi lile ni la wanane."

"Najua ni la wanane. Nimeliuza mimi, marehemu alilinunua hapa hapa." Kafunga mifuko kwa mpira, kumi kumi. "Nani kasema arobaini?"

"Mwalimu kapiga hesabu."

"Basi, mwalimu kapiga hesabu. Wewe ni nani ubishane na mwalimu? Wakifa, atanunua wengine."

Kacheka, nami nikacheka. Naandika nilicheka, kwa sababu nimejiambia daftari hili halitabadilishwa alama.

Jumatano, 12 Machi

Nimewaingiza. Mifuko inaelea kwanza nusu saa, wazoee joto la maji, ndipo unawafungulia. Walipotoka wote sebule ilibadilika. Vitabu vikapata rangi, hata kuta. Bi Rula kasimama mikono nyuma, kama wakati wa paredi.

"Thelathini na nane, thelathini na tisa. Mmoja yuko wapi?"

"Nyuma ya jiwe, Mwalimu."

"Mtoro," kasema, na nikaona meno yake. Nilisoma pale miaka miwili sikujua kama anayo.

Jumamosi, 15 Machi

Maji safi. Kanipa chai na mkate wenye siagi. Kanifundisha sehemu, yaani robo, theluthi, hizo. Anasema maji ya kubadilisha kila wiki ni robo, sasa robo ya kumi na sita ni ngapi? Nne. Kumbe si ngumu. Shuleni alitufundisha akiwa amesimama. Akiwa amekaa, anaeleweka.

Nikaona nimwambie. Nikasema, "Mwalimu, mimi nilisoma kwako. Ulinifukuza kidato cha pili. Yule wa sabini na mbili."

Kafikiri kweli, kakunja uso. Kisha kasema, "Niliwafukuza wengi," kasukuma sahani ya mkate kwangu. "Kula."

Nimekula.

Jumatano, 19 Machi

Maji yamekuwa kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Chujio jipya, vidudu hakuna, uchafu wa midomo arobaini. Nimebadilisha ndoo nane. Mwalimu kauliza kwa nini nane na siyo nne. Nikasema kwa usafi.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua usiku na mchana. Mama anashona taa imewashwa.

Jumamosi, 22 Machi

Wawili wamekufa. Niliwakuta wamelalia ubavu chini ya bomba la chujio. Waliobaki wako juu, midomo nje ya maji, wanafungua na kufunga kama darasa linaloimba bila sauti.

Leo nimejitahidi. Nimesema, "Mwalimu, tuwapunguze. Tuwarudishe thelathini dukani. Tangi hili kwa kweli ni la wanane."

"Wanane?"

"Wanakua, Mwalimu. Ilitakiwa tugawanye kwa urefu wa mkubwa, ishirini. Mia na sitini gawanya kwa ishirini."

Kajua mara moja, niliona. Hesabu ile kichwani kwake ilichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Nikaona pia anaifungia mlango.

"Ulijua Jumamosi ile?"

Nikatazama ndoo.

"Nimekuuliza."

"Nilijua."

"Ukanyamaza." Kavua miwani, kafuta. "Watakua lini hawa?"

"Mwaka. Miaka miwili."

"Mwanangu anakuja baada ya wiki nne. Kwa wiki nne wana sentimita nne. Hesabu yangu ni sahihi kwa wiki nne." Karudisha miwani. "Wewe kazi yako ni maji."

Kwa hiyo kazi yangu ni maji. Nimeongeza siku: nitakwenda kila siku baada ya duka.

Jumatatu, 24 Machi

Ndoo sita. Kafa mmoja.

Jumanne, 25 Machi

Ndoo sita. Maji ya bomba yana dawa, lazima yalale kwenye ndoo siku moja ndipo yafae. Ua wake wote umejaa ndoo, unaziruka kama mchezo wa watoto.

Alhamisi, 27 Machi

Ndoo sita. Wawili. Nimemwomba Gamba awapokee kumi na tano, tuwaweke kwenye tangi la nyuma mpaka wageni waondoke. Kasema, "Samaki aliyetoka hapa harudi. Atatuletea ugonjwa." Kajikuna.

Jumatano, 2 Aprili

Wamebaki thelathini na mmoja. Nimekuta Bi Rula anaongea na mwanawe kwenye simu. Kanionyesha kidole mdomoni, ninyamaze.

"Wazima wote. Arobaini. Ndiyo, nimepata kijana mzuri, ana akili sana. Hapana, sichoki. Nani kakwambia nachoka?"

Alipokata simu aliketi. Nyumba ile ina vyumba vinne na anaishi kwenye viwili. Vingine amevifunga, lakini kila Jumamosi anafungua madirisha yake. Nimeshamwona akitandua vitanda ambavyo hakuna aliyevilalia, akavitandika upya.

Nilimchukia huyu mama miaka mitatu. Kwa bidii. Ni kazi niliyoifanya vizuri kuliko zote, na leo nimejikuta natafuta hasira yangu siioni. Nikabeba ndoo.

Jumamosi, 5 Aprili

Kanipa ufunguo wa mlango wa uani, nisimwamshe akipumzika mchana. Mama kauliza, "Wa duka au wa kwake?" Wa kwake. "Mm," kasema na pini zake.

Jumanne, 8 Aprili

Hakufa hata mmoja. Nilitaka kupiga mluzi njia nzima lakini mvua inaingia mdomoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Ishirini na tisa. Wamezoea, au wamechoka kufa. Maji yameanza kung'aa. Gamba kasema mteja wa mlimani ameuliza nani anatunza nyumba ya mwalimu. Jumapili ijayo mwanawe anafika. Nikivuka hapo, ufunguo wangu.

Jumamosi, 19 Aprili

Umeme umekatika tangu jana usiku. Nguzo imeangukia barabara ya chini, mvua imelegeza udongo. Pampu ya hewa imenyamaza, chujio limenyamaza. Samaki ishirini na tisa ndani ya maji yaliyosimama.

Nilifika saa mbili asubuhi. Bi Rula alikuwa amesimama kwenye kiti mbele ya tangi, mikono ya gauni imekunjwa, anachota maji kwa jagi la chai na kuyamwaga kutoka juu. Anachota, anamwaga. Gauni limelowa mpaka kiunoni.

"Tangu saa ngapi, Mwalimu?"

"Kumekucha."

Nikamshusha. Nikachukua jagi. Ukimwaga kutoka juu maji yanabeba hewa kidogo, ni hiyo tu. Nilimwaga mpaka mkono ukafa ganzi, nikahamia wa kushoto. Yeye kachukua sufuria. Tumefanya hivyo hadi mchana, chakacha, chakacha, kama watu wawili wanaofua nguo isiyoisha.

Saa saba hivi kasema, akiwa anaangalia maji, "Marehemu alikuwa anaweka sita."

Nikasimama na jagi hewani.

"Sita tu. Miaka kumi na moja, sita. Nilikuwa namcheka. Nikamwambia tangi kubwa hivi kuweka samaki sita ni uvivu. Hata fundi wa kioo akija atadhani tumefilisika. Hakunijibu kamwe. Alikuwa haelezi, mume wangu. Alikuwa anavuta kiti tu, anawatazama."

"Kwa nini hukuniambia, Mwalimu?"

"Kwa sababu wewe ungekubali," kasema. "Ungesema ndiyo, sita. Na nisingekuwa na la kumwonyesha mwanangu. Sita ni wa mtu anayesubiri siku zake."

Nikamwambia, "Tuwatoe ishirini sasa hivi. Tuwaweke kwenye ndoo za uani, wagawane hewa."

"Kesho wako hapa. Akute ndoo?"

"Mwalimu, watakufa."

"Mwaga maji, kijana."

Ningewatoa kwa nguvu. Nina mikono, nina nyavu, ndoo zimejaa maji yaliyolala. Naandika hili ili nisijidanganye: hakunizibia njia. Alisema tu, kwa sauti ile ya paredi, nami nikamwaga maji.

Niliondoka jioni. Walikuwa kumi na saba.

Jumapili, 20 Aprili

Umeme umerudi saa nne, gari la mwanawe likafika saa tano.

Nilikuwa nimetoa waliokufa nikawaweka kwenye ndoo yenye kifuniko, nikaiweka nje ya mlango wa uani. Ndani walibaki kumi na mmoja, wanne wakiwa wamepinda. Harufu ilikuwepo. Ukishaizoea huisikii, ila mgeni anaisikia.

Mwanawe ni mtu mrefu, mpole, viatu vizuri. Wajukuu wawili waliingia mbio, wakasimama. Mdogo akauliza, "Bibi, mbona wanalala?" Mkubwa alishatoka nje na kufunua ndoo. Watoto hawana staha na vifuniko.

Mwanawe akamtazama mama yake. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alimtazama kwa huruma, akaongea taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake glasi iliyojaa.

"Mama, uliniambia arobaini. Wiki hii hii uliniambia wote wazima."

Bi Rula akamvuta mjukuu mdogo mbali na kioo.

"Mama, huwezi tena. Si kosa lako. Unasahau, unachanganya. Tumeongea mara ngapi? Tukafunge vitu leo."

Nikaona mkono wa Bi Rula umeshika ukingo wa meza ya chuma. Ule mkono ulioniandikia. Daftari hili lilikuwa mfukoni mwangu, ukurasa wa nyuma, wino mwekundu. Yeye alijua liko hapo. Tulitazamana, nami nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Sijachanganya kitu," kasema. Sauti imenyooka. "Ni huyu kijana wa duka. Ndiye aliyenihakikishia arobaini. Na kila siku alinidanganya kuwa wazima. Mimi macho yangu hayaoni vizuri mpaka ndani ya maji. Nilimwamini."

Mwanawe akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikiitoa ile karatasi, huyu mama leo anafungashiwa masanduku. Nisipoitoa, mimi. Ilikuwa hesabu rahisi, hata Mkia angeiweza. Na bado sitaki nijisifu kwamba nilipiga hesabu. Ukweli ni kwamba alinitazama kwa yale macho ya kifungo, na mdomo wangu ukajibu peke yake kama ulivyofundishwa.

"Ndiyo, Mwalimu."

Sikumjibu hata aliyeniuliza.

Mwanawe kashusha pumzi ndefu. Kamshika mama yake bega. "Samahani, Mama. Nilidhani." Kisha kwangu, "Acha ufunguo mezani. Nipe namba ya bosi wako."

Nikavaa viatu mlangoni. Bi Rula alikuwa anawaelekeza wajukuu chumba cha kulala, kilichotandikwa. Hakugeuka.

Jumatatu, 21 Aprili

Mama kasema, "Peleka huo ukurasa kwa bosi wako. Usiwe mjinga."

Nimeupeleka. Kwa Gamba hakuna masanduku ya mtu, nikaona hapo naweza kujitetea. Kausoma, miwani kwenye paji la uso. Kafuatisha kwa kidole: mia, arobaini, hamsini, ndoo kumi na sita, gawanya kwa nne.

"Hesabu ni sahihi," kasema.

"Bosi, unajua si sahihi. Ulisema mwenyewe ni la wanane."

"Mimi nilisema?" Kajikuna kiwiko. "Mteja kalalamika, kijana. Tulikubaliana nini? Bila mteja kulalamika. Na mwanawe ana maneno, kasema ataandika kuhusu duka. Nifanyeje, nimwambie mwalimu mstaafu muongo, wewe uliyefukuzwa shule kwa kughushi ndiye mkweli?"

Kumbe alijua. Sijui nani kamwambia. Nahisi niliyemwambia ni mimi, siku nilipokuwa najisifu.

Kanirudishia daftari. "Hili baki nalo."

Ijumaa, 25 Aprili

Nashona vifungo kwenye sare. Mama ananilipa chakula.

Jumanne, 29 Aprili

Mvua zinapungua. Sina la kuandika. Vifungo.

Jumamosi, 3 Mei

Kuna kijana kapiga hodi, tai shingoni, faili kwapani. Ni mtu mpya wa Gamba. Kamaliza kidato cha sita, ana cheti, anakitembeza kwenye plastiki. Nimemwita Cheti papo hapo, akacheka. Si mtu mbaya. Ingekuwa raha sana angekuwa mtu mbaya.

"Kaka, nisaidie. Nimepewa ile nyumba ya mwalimu. Mwanawe kakubali mama abaki, ila kwa sharti awe na mtu mwenye akili wa kumsaidia. Mwalimu anataka kuanza upya. Sasa nimwambie samaki wangapi?"

Nilikuwa na sindano mkononi. Nikafikiri kumwambia, muulize yeye, ana kalamu. Nikafikiri kumwambia mia.

"Wanane," nimesema. "Na usiwaingize kwa mpigo. Wawili, subiri wiki tatu, wawili tena. Chujio usilioshe kwa maji ya bomba, utaua vidudu. Lisuuze kwenye maji ya tangi lenyewe."

Kaandika yote. Kauliza vidudu vinaandikwaje.

Mama alingoja aondoke. "Umempa bure?"

"Nimempa nani?" nikasema. "Nimewapa samaki."

Ni maneno mazuri, niliyapenda nilipoyasema. Sasa hivi nikiyasoma naona ni ya mtu aliyekosa la kusema.

Jumatano, 7 Mei

Cheti karudi, uso unang'aa. "Kakubali palepale. Nimemwambia wanane, hakubisha hata kidogo. Kamwambia mwanawe kwenye simu, nikiwa nasikia, safari hii nimepata aliyesoma."

Nikamwuliza kama alisema namba kaipata wapi.

"Nilisema nimepiga hesabu." Kaona aibu kidogo, kasogeza tai. "Kaka, kuna jambo lingine. Zile ndoo. Mimi mgongo wangu una shida, na nguo hizi. Nimemwambia mwalimu namjua kijana mwenye nguvu. Kasema sawa. Jumamosi?"

Nikasema nitafikiri.

Jumamosi, 10 Mei

Nimefikiri, nimekwenda. Nyumbani tunahitaji pesa, na vifungo havitoshi watu wawili.

Anga jeupe, barabara imekauka, madirisha ya vyumba vyote vinne vya Bi Rula wazi. Kafungua mwenyewe. Kanitazama kuanzia juu, kashuka, kafika miguuni. Nilisubiri. Nilikuwa nimetayarisha uso kwa lolote atakalosema, pole, toka, hata jina langu.

"Wewe ndiye wa ndoo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vua viatu."

Tangi lina wawili tu, wana nafasi ya kukimbizana. Nimebeba ndoo nne, robo. Cheti alikuwa amesimama kando ya kioo na faili lake, anamweleza kwa nini wanane: unampima samaki kama atakavyokuwa, siyo kama alivyo. Kaeleza vizuri, ila kwenye chujio kakosea, kasema lisafishwe kwa maji ya bomba mpaka liwe jeupe. Nikasimama na ndoo.

Bi Rula alikuwa kitini, kalamu mkononi, anaitikia kwa kichwa kila neno. Aliponiona nimesimama akasema, bila ukali wowote, "Sikiliza, kijana. Ujifunze."

Nikasikiliza. Ndoo ilikuwa imeinama, sikuona, maji yakamwagika kwenye sakafu mpaka chini ya kabati la vitabu.

"Tambara liko nyuma ya mlango wa jikoni," kasema Bi Rula, na akanionyesha kwa kalamu jikoni ni upande gani.